Mama humtilia Baba dawa kwa siri, naye Baba anashuhudia kwamba amepona

Mshauri, shikamoo.

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta. Leo naituma kama ilivyo, maana siku zinaniishia.

Mimi ni mtoto wa kwanza, nina miaka 38. Baba ana miaka 67. Ameishi na presha kwa miaka 11, na miaka miwili iliyopita alipata kiharusi. Madaktari walisema kilikuwa chepesi. Mdomo ulipinda, mkono wa kulia ukalegea, maneno yakamkwama. Usiku ule mdogo wangu wa kiume ndiye aliyembeba mgongoni kutoka chumbani hadi kwenye gari. Nakumbuka Baba akinitazama, akitaka kutamka jina langu, na jina halitoki. Baada ya miezi kadhaa alirudi karibu kama zamani.

Tangu hapo dawa zikawa sheria ya nyumba. Nilinunua mashine ya kupimia presha, nikabandika jedwali ukutani, asubuhi na jioni. Simu yangu ya kwanza kila siku ilikuwa ni hiyo tu: "Baba, umemeza?"

Miezi saba iliyopita aliombewa kanisani. Alirudi uso umemng'aa, akasema amepokea uponyaji wake, na kwamba akiendelea kumeza vidonge atakuwa anamwambia Mungu kuwa hamwamini. Mchungaji hakumwambia aache dawa, hilo nilimuuliza Baba mwenyewe. Lakini pia hakumwambia asiache. Nami si mtu wa kubeza maombi, mshauri. Naimba kwaya katika kanisa hilohilo, na naamini Mungu huponya.

Nilibishana naye hadi nikachoka. Mwisho nikaandika kwenye kundi la familia, lenye watu 23, kwamba Baba anatuandalia msiba. Hapo ndipo siasa ilipoingia. Tangu wakati wa korona, nyumbani kwetu kila jambo la hospitali limegeuka kuwa jambo la chama. Ukitaja chanjo, wewe ni wa serikali. Ukitaja maombi, wewe ni wa upinzani. Uchaguzi uliopita ndio uliomalizia kabisa. Mdogo wangu aliandika kwamba watu wa aina yangu wamezoea kumeza kila wanachopewa na wakubwa, na sasa tunataka na Baba ameze. Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyarudia. Baba akajitoa kwenye kundi bila kuandika chochote.

Ni wiki tano sasa hatujaongea. Ila kila asubuhi bado ananitumia aya ya Biblia kwenye simu yangu, mimi peke yangu, kama alivyoanza nilipokuwa chuoni. Sijajibu hata moja.

Sasa siri yenyewe. Mama anasaga vidonge vya Baba na kumtilia kwenye kikombe chake cha asubuhi. Alianza wiki ya pili tu baada ya Baba kuacha. Anayejua ni mimi peke yangu, na mimi ndiye ninayevinunua. Kila Jumamosi Baba hujipima, anapata 128 kwa 80, au 130 kwa 82, na huipiga picha mashine. Picha hizo alizipeleka kanisani, akatoa ushuhuda. Watu walisimama wakalia kwa furaha. Nilikuwa pale kwenye kwaya, nikaimba.

Wiki mbili baadaye mama mmoja wa kanisani, anayejichoma insulini, alinishika mkono akaniambia ushuhuda wa Baba umemtia nguvu na ameanza kuruka sindano. Tangu siku hiyo usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu.

Baada ya wiki nne Baba na mdogo wangu wanasafiri kwenda kwenye mkutano wa maombi wa wiki tatu. Mama haendi. Nani atamtilia dawa huko? Mama anasema, "Nikimwambia, ataniacha." Mdogo wangu akijua, atasema tulikuwa tunamlisha Baba sumu. Nikinyamaza, naogopa nitamzika. Nikisema, namvunjia heshima mbele ya kanisa zima. Nifanyeje?

Binti wa Kwaya

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Pole sana. Mahali nilipokaa muda mrefu zaidi katika barua yako ni pale uliposimama kwenye kwaya ukaimba. Naamini hakuna aliyejua pale kanisani jinsi wimbo ule ulivyokuwa mzito kooni mwako.

Kuna mambo mawili ambayo hayawezi kusubiri tumalize mengine.

La kwanza ni yule mama wa insulini. Mtu anayeitegemea akiiruka, sukari hupanda, na kwa wengine damu huanza kujaa tindikali ndani ya siku chache au hata saa chache. Mtafute leo. Huhitaji kumfichulia lolote la nyumbani kwenu ili umwambie, "Mama, ugonjwa wa baba yangu si wako. Nakuomba usiruke sindano, na twende wote tukamwone daktari wako." Jitolee kumsindikiza. Katika barua yako yote, hapa tu ndipo ninapothubutu kukuambia la kufanya bila kuzunguka.

La pili ni hivyo vidonge vinavyosagwa. Hukuvitaja majina, nami si tabibu, kwa hiyo nenda navyo kwa mfamasia au daktari anayemjua Baba na umweleze ukweli wote. Baadhi ya dawa za presha, kama zile nifedipini za kuachia taratibu, zimetengenezwa ziyeyuke kidogokidogo kwa saa nyingi. Ukizisaga, kipimo chote huingia mwilini kwa mkupuo na presha inaweza kuporomoka ghafla. Nyingine, kama atenololi na jamaa zake, hazifai kukatishwa ghafla, kwa sababu moyo huanza kwenda mbio na presha inaweza kuruka juu. Kwa hiyo safari ile ina hatari ambayo Mama pengine haijui. Wiki tatu bila kikombe chake ni kukatisha ghafla dawa ambayo Baba mwenyewe hajui kama anaitumia. Akizidiwa huko, daktari atamuuliza anatumia dawa gani, naye atajibu kwa moyo mweupe, "Hakuna."

Pengine umewahi kuwaza kumwambia Mama asimame kwa siku chache, namba zipande, Baba ajionee mwenyewe. Kama wazo hilo limekupitia, usijilaumu, lakini tafadhali liache. Mtu aliyekwisha kupata kiharusi hafanyiwi jaribio la namna hiyo. Na ikitokea mdomo ukapinda tena, mkono ukalegea au usemi ukavurugika, msikae kuangalia kama itapita. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu, panapofaa kutumika, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, kwa hiyo ni hospitali moja kwa moja.

Sasa turudi kwa Baba mwenyewe.

Umeniandikia kwamba alichagua maombi akaacha dawa. Ndivyo inavyoonekana, na ndivyo yeye anavyosema. Lakini nilipoisoma barua yako mara ya pili nilijiuliza kama alichokiacha ni vidonge, au ni kuwa mgonjwa. Mtazame nyumbani: kuna jedwali ukutani lenye jina lake. Kila asubuhi binti yake, yule ambaye Baba alikuwa akimtumia aya alipokuwa chuoni, anampigia kumuuliza kama amemeza. Mwanawe aliwahi kumbeba mgongoni kama mtoto. Kisha mtazame kanisani. Kule anasimama, anashika kipaza sauti, watu wanalia kwa ajili yake. Nyumbani anaulizwa, kanisani anasikilizwa. Sisemi jedwali lako lilikuwa kosa. Lilikuwa pendo la mtoto aliyeogopa, na huenda ndilo lililomfikisha hapa akiwa hai. Nauliza tu: baada ya kiharusi, ni nani aliyewahi kumuuliza jambo lingine lolote zaidi ya "umemeza"?

Labda nimekosea. Wewe ndiye unayemjua. Lakini kama kuna chembe ya ukweli hapo, basi kila mara ulipomletea hoja kuhusu dawa, yeye alisikia kwamba unamrudisha kitandani. Mwanasaikolojia William Miller, aliyefanya kazi na watu waliotawaliwa na pombe, aliandika mwaka 1983 kuhusu jambo ambalo wengi wetu tulijifunza kwa kuchelewa: kadiri mshauri anavyomsukuma mtu abadilike, ndivyo mtu huyo anavyotafuta sababu za kutobadilika, na akishazitamka kwa mdomo wake mwenyewe huziamini zaidi. Njia aliyoipendekeza ni kuuliza na kusikiliza mpaka mtu aanze kuzitaja mwenyewe sababu za upande wa pili. Jaribu kukumbuka mabishano yenu. Ni mara ngapi Baba alilazimika kutetea uponyaji wake mbele yako? Na kila alipoutetea, ulipungua au uliongezeka?

Kuhusu imani yenyewe, nakuheshimu kwa kusema wazi kwamba nawe unaamini. Hiyo ni nafasi ambayo daktari asiyeamini hana. Unakumbuka habari ya mfalme Hezekia katika 2 Wafalme 20? Anaugua, anageukia ukuta, anaomba na kulia. Mungu anamwahidi uponyaji na miaka 15 zaidi. Halafu nabii Isaya, yuleyule aliyeileta ahadi, anaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Ahadi na dawa zimo katika sura moja, na Hezekia hakuambiwa kwamba kupakwa tini ni kutoamini. Habari hii ni nzuri, lakini naogopa utaenda nayo kama rungu. Ukimsomea ili umshinde, atakusomea nyingine. Ukimuuliza, "Baba, hii wewe unaielewaje?" na ukanyamaza kwa kweli, bila jibu lako kusubiri mlangoni, huenda mkakaa pamoja saa nzima kwa mara ya kwanza tangu mlipogombana.

Atakuambia pia kwamba hasikii maumivu yoyote. Ni kweli, na ndivyo presha ilivyo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima bilioni 1.28 duniani, wa umri wa miaka 30 hadi 79, wana presha ya juu, na karibu nusu yao hawajui. Hawajui kwa sababu hawasikii kitu. Namba hiyo naitaja kwa ajili yako, usije ukaichukua hali yake nzuri kuwa jibu. Kwake yeye, usiku ule wa kiharusi una uzito kuliko namba yoyote.

Sasa siri. Umeiandika kana kwamba ni yako kuitoa au kuificha. Je, ni yako? Anayesaga ni Mama, anayekunywa ni Baba. Wewe unanunua, kwa hiyo umo ndani, lakini ukiitoa bila Mama utakuwa umemfanyia yeye kile ambacho ninyi wawili mmemfanyia Baba, yaani kuamua juu ya maisha yake bila yeye kujua. Ningeanza kwa Mama, tena kwa swali. "Ataniacha" ni neno zito kutoka kwa mke wa miaka mingi. Muulize ana maana gani. Anaogopa Baba ataondoka nyumbani? Au anaogopa atakufa, na kuachwa kwa namna hiyo? Hofu hizi mbili hazitibiwi kwa maneno yaleyale.

Mkiendelea kunyamaza, mnapata siku chache zaidi za namba nzuri, na nisingependa kuzidharau siku hizo, zimemlinda. Lakini safari iko mbele, na siri ya kila asubuhi haikosi siku itakayofunuliwa na kikombe chenye unga chini. Akigundua mwenyewe, mtapoteza nafasi ya kumweleza kwa upole.

Kuna jingine, na mimi binafsi ndilo linaloniuma zaidi. Baba yako ni mtu mzima mwenye akili timamu. Ana haki ya kukataa dawa hata kama uamuzi wake unatutisha. Na zaidi ya hapo, alisimama mbele ya watu akaapa kwa picha za mashine ambazo hakuzielewa zimetoka wapi. Yeye si mwongo. Alisema alichokiona. Ni ninyi mliomweka mahali pale, kwa kumpenda.

Mama akiamua kumwambia, hatari zipo. Anaweza kukasirika, akakataa kunywa chochote anachopewa nyumbani, akaacha dawa papohapo. Kwa hiyo muwe mmeshazungumza na daktari, mjue la kufanya siku hiyo na ya pili yake. Wapo wanaoona ni salama zaidi kumhusisha mchungaji kwanza. Umeniambia hakumwambia Baba aache dawa. Huenda ni mtu ambaye angetaka kusema "shukuru Mungu na uendelee na kliniki" na hakupata mtu wa kumuuliza. Huenda pia ushuhuda ule umekuwa fahari ya kanisa na hatapenda uguswe. Unamfahamu, pima. Unaweza kumjaribu bila kufungua siri, kwa habari ya yule mama wa insulini: mwombe awaambie waumini wasiache dawa kabla ya vipimo vya daktari. Jibu lake litakuonyesha kama ni mtu wa kukabidhiwa siri kubwa zaidi.

Na kuhusu heshima ya Baba mbele ya kanisa, sioni ulazima kwamba mtu mwingine atangaze chochote. Akishajua, ushuhuda ni wake. Anaweza kukaa kimya kwa muda. Anaweza siku moja kusimama na kusema kwamba Mungu alimlinda kwa mkono wa mke wake. Lakini maneno hayo yakitoka kwako yatakuwa jedwali jingine ukutani. Mwachie ayatafute.

Limebaki la mdogo wako. Umemchora kama mtu wa upande wa pili, na maneno aliyoandika yalikuwa makali. Lakini aliyaandika mbele ya watu 22 wengine, baada ya wewe kuandika yako mbele ya hao hao. Pale kila mtu huongea na hadhira, na hakuna anayekubali kosa mbele ya hadhira. Vyama na korona vimewapa lugha ya kugombania, ila sidhani kama ndivyo mnavyogombania. Nikimfikiria, namwona kijana mwenye uzito wa baba yake mgongoni, usiku, akikimbilia gari. Mtu aliyebeba mzigo huo ana sababu kubwa ya kutaka kuamini kwamba hautarudi tena. Umewahi kumuuliza usiku ule ulimfanya nini? Mtafute nje ya kundi, wawili tu, na msianze na siasa wala dawa. Ana nafasi ambayo wewe huna: wiki hizo tatu atakuwa na Baba asubuhi na jioni. Kumwambia siri kabla Mama hajaridhia ni hatari, na kumwacha asafiri bila kujua chochote ni hatari nyingine. Ndiyo maana naona mazungumzo na Mama yafanyike wiki hii, ili kama itafika mdogo wako aambiwe, aambiwe na Mama, akiwa bado nyumbani na ana muda wa kukasirika na kupoa.

Hata kuahirisha safari mnaweza kukufikiria, au daktari akaonana na Baba kabla hajaondoka. Yote hayo yanahitaji kwanza muwe mnaongea.

Kila asubuhi kwa wiki tano Baba amekubishia hodi kwa aya moja. Hakukutumia kupitia kundi, hakukutumia picha ya mashine. Kesho ikiingia, ijibu. Usimuulize kama amemeza. Mwambie aya hiyo imekukuta ukiwa katika hali gani, kisha umuulize yeye imemkuta wapi.